Nusu ya Kitambaa cha Kijani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi, Kamunyonge, Musoma
Tarehe: Jumamosi, 23 Aprili 1983, saa 3.10 asubuhi
Jina la shahidi: Getruda Kasmiri
Umri: Miaka 14
Kazi: Mwanafunzi wa darasa la saba, kiranja wa usafi
Dini: Mkristo
Makazi: Kamunyonge, nyumba kumi za Balozi Renatus
Aliyefuatana naye: Mama yake mzazi
Mbele ya: Sajini Bernado Burito

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni bila kuitwa. Nimemwomba Sajini Bernado niandike kwa mkono wangu kwa sababu najua kuandika, na kwa sababu nikisema kwa mdomo naweza kuacha jambo. Amekubali. Amenipa kalamu na karatasi tatu, akaniambia nisitumie upande wa nyuma. Ameniambia pia niandike kweli tupu, na kwamba nikidanganya nitakuwa nimefanya kosa. Nimeelewa.

Ninamfahamu Bibi Eufrasia Nyamhanga aliyewekwa hapa kituoni tangu Jumatano. Ni mtafiti wa elimu ya nafsi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na kwao ni Butiama. Alifika Musoma mwezi wa pili mwaka huu akapanga chumba kimoja kwa Mzee Hamduni, fundi cherehani. Sisi watoto tunamwita Mwalimu, ingawa hafundishi.

Mnamo tarehe 7 Machi 1983, saa nane mchana, walimu wetu walichagua watoto ishirini na wanne, tukapelekwa kwa Mzee Hamduni. Baadhi yetu tulikuwa viranja. Wengine ni wale ambao kila siku wanachapwa. Mmoja wao ni Wambura wa darasa la sita, ana miaka kumi na tano, na Kamunyonge nzima kuku akipotea jina la kwanza kutajwa ni lake. Wambura alipoona tumechanganywa alisema kwa sauti, "Leo wamechanganya mchele na mawe." Tukacheka, na Mwalimu Eufrasia naye akacheka.

Alituambia kazi yake. Alisema kuna watu wazima wanaovunja maduka na kupiga watu, na hakuna aliyezaliwa anavunja duka. Anataka kujua mtu wa namna hiyo alianzia wapi, alipokuwa na umri gani, na nani alikuwa karibu naye siku hiyo. Alisema, "Mtakayoniambia hayatatoka kwangu. Sitamwambia mwalimu, sitamwambia mzazi, wala askari. Wewe mwenyewe ukitaka kuyasema, hiyo ni ruhusa yako."

Ili majina yetu yasiandikwe, alifanya hivi. Mzee Hamduni ana gunia la masalia ya vitambaa chini ya meza yake ya kukatia. Kila mtoto alichagua kitambaa kimoja ambacho mwenzake hana. Mzee Hamduni alikikata katikati kwa mkasi, mkato wa kupindapinda, kila kimoja kwa namna yake. Nusu moja Mwalimu Eufrasia aliibandika kwenye ukurasa wa daftari lake mahali pa jina. Nusu ya pili mtoto aliondoka nayo. Kila tukija tunaonyesha nusu yetu, yeye anatafuta nusu nyingine daftarini, mikato ikikutana anajua huo ndio ukurasa wetu. Mimi nilichagua cha kijani chenye vidoti vyeupe. Mzee Hamduni aliniambia, "Mjukuu wangu, hicho kilibaki kwenye gauni la bibi harusi wa Bunda. Kitunze."

Nilikwenda mara tano. Aliniuliza tunakula mara ngapi, nani ananichapa, nikikasirika nafanya nini. Maswali mengine sikuwahi kuulizwa na mtu. Aliniuliza kama nimewahi kufanya jambo baya ambalo hakuna aliyejua. Nilimjibu hapana. Wakati ule ilikuwa kweli.

Siku moja, nadhani tarehe 29 Machi, nilimuuliza kwa nini aliichagua kazi hii. Akasema, "Nina kaka yangu yuko jela. Tumelala mkeka mmoja, tumekula sahani moja, mama alituchapa kwa fimbo moja. Nataka kujua tuliachana wapi." Ndiyo sababu kila Jumapili alikuwa anapanda gari la kwenda upande wa Kiabakari, kwenye gereza, akiwa na mfuko. Nimesikia watu wanasema alikuwa anapeleka magendo. Mfuko ule niliusaidia kuubeba mara mbili. Ndani kulikuwa na ugali wa muhogo na samaki, sato wa kukaanga, vimefungwa kwenye majani ya mgomba, pamoja na vitabu viwili.

Sasa nitaandika habari ya sabuni.

Mnamo tarehe 12 Aprili 1983, siku ya Jumanne, kuanzia saa nane mchana, tuliitwa mmoja mmoja. Mtoto anaingia chumbani peke yake, anaambiwa achore nyumba yao kwa dakika kumi. Juu ya meza kulikuwa na katoni iliyo wazi, na ndani yake vipande vya sabuni ya kufulia. Miche ilikatwa kwa waya, kila mche vipande vinne. Mwalimu Eufrasia aliniambia, "Hizo sabuni nitazihitaji baadaye. Mimi nakaa uani na Mama Mwanaharusi, nitarudi dakika kumi zikiisha." Mama Mwanaharusi ni mke wa Mzee Hamduni. Kisha akafunga mlango.

Naomba nieleze hali ya nyumbani kwetu. Tangu mwaka jana mwezi wa kumi tulikuwa hatujapata sabuni. Mama alikwenda foleni ya duka la ushirika mara nne, mara zote ilimwishia watu kumi mbele yake. Tulifua kwa majivu na majani ya mpapai. Nguo za rangi zinavumilia, lakini shati jeupe linakuwa kama maji ya dagaa. Nina mdogo wangu anaitwa Boke, ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Kila Jumatatu mimi kama kiranja wa usafi napita mstarini na daftari, naandika majina ya wachafu. Wakiandikwa wanatoka mbele, wanasimama upande wa bendera mpaka wenzao waingie darasani. Mdogo wangu nimemwandika Jumatatu sita. Nisingemwandika, wenzake wangesema nampendelea. Jumatatu ya sita hakungoja nimfikie. Aliponiona nakaribia alitoka mwenyewe akaenda kusimama kwenye bendera.

Chumbani nilichora nyumba. Nilichora mlango na dirisha. Nilikuwa nasikia cherehani ya Mzee Hamduni upande wa pili wa ukuta. Ilipolia kwa nguvu nilichukua kipande kimoja cha sabuni nikakiweka kwenye mfuko wa sketi. Hakuna aliyeniambia nichukue. Sikukosea kwa kudhani ni cha kugawiwa. Nilijua si changu.

Mwalimu Eufrasia aliporudi alitazama mchoro wangu akauliza, "Hapa mbona hujachora watu?" Nilisema dakika zimeisha. Hakutazama katoni nikiwepo. Nilitoka, na Wambura ndiye aliyefuata kuingia.

Nyumbani nilimwambia mama sabuni ile ni zawadi ya viranja. Mama alimshukuru Mungu na mwalimu mkuu. Jumamosi tarehe 16 alifua shati la Boke mara mbili, akaanika. Alisimama karibu na kamba muda wote, hakuingia ndani mpaka likakauka.

Jumatatu tarehe 18, saa moja na nusu asubuhi, nilipita mstarini na daftari. Nilipofika kwa Boke, aligeuka taratibu, akazunguka mzima, ili nione na mgongo. Sikuandika jina lake. Mwalimu Eufrasia alikuwa amesimama mlango wa ofisi, alikuja kumwona mwalimu mkuu. Alituangalia. Kisha akamwangalia Boke, akatabasamu kidogo.

Mnamo tarehe 20 Aprili, siku ya Jumatano, saa kumi jioni, nilikuwa uani kwa Mzee Hamduni kumchukulia mama sketi iliyoshonwa. Balozi Renatus, kiongozi wa nyumba zetu kumi, alifika na mgambo wawili kufanya msako wa bidhaa zilizofichwa. Balozi si mtu mbaya, nyumba zote wamepekua, na kwake mwenyewe walianzia. Walikuta katoni. Ndani yake walikuta karatasi ya Mwalimu Eufrasia inayosema vipande arobaini na nane. Walihesabu wakapata arobaini na kimoja.

Balozi aliuliza, "Saba viko wapi, mama?"

Mwalimu Eufrasia alijibu, "Vimechukuliwa na watoto."

"Watoto gani?"

"Siwezi kuwataja. Niliwaahidi."

Balozi alivua kofia yake, akasema, "Mama yangu. Watu wanaamka alfajiri kupanga foleni kwa kipande kimoja. Mke wangu anaogeaga magadi. Wewe unaweka katoni wazi mezani, watoto wajichukulie, halafu uandike kwenye daftari? Nikikiambia kituo hadithi hiyo, si watanifunga na mimi?"

Mama Mwanaharusi alisema, "Balozi, huyu hajauza hata povu."

Mwalimu Eufrasia alisema, "Mzee ana haki ya kushangaa. Mtihani huu niliupanga nilipokuwa nasoma ng'ambo, mahali sabuni imejaa madukani. Huko mtoto akichukua cha mtu, unajifunza habari za mtoto. Hapa sijui nimejifunza habari za nani. Hilo ni kosa langu. Lakini sikuuza."

Alionyesha barua ya chuo. Imeandikwa vifaa vya utafiti, haikutaja sabuni. Ndipo alipochukuliwa pamoja na katoni na daftari. Alipopita mbele yangu hakunitazama hata mara moja. Nilidhani ananichukia. Baadaye nilipofikiri nilijua kwamba kama angenitazama, Balozi angefuata macho yake.

Alhamisi tarehe 21 sikufika mbele ya shule kuongoza usafi, nilisema naumwa. Sikuwa naumwa.

Jana, Ijumaa tarehe 22, saa kumi na moja jioni, nilikuwa bombani nachota maji. Wambura alikuja. Mchana wa jana mgambo walimsimamisha mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mbele ya wanunuzi, wakamwambia sabuni saba anazo yeye, azitoe, mama wa watu aachiwe. Walimpekua mpaka kwenye kopo lake la chambo. Nilikuwa nimesikia habari hizo, na bado nilikuwa sijasema kitu.

Wambura alisema, "Kiranja, shikamoo."

Nilimwambia aache utani.

Akasema, "Siyo utani. Mimi niliingia baada yako. Ulitoka umeshika sketi kama umebeba yai."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mgambo walipomsimamisha, au kwa nini hakuwaambia wao.

Akasema, "Niwaambie Getruda Kasmiri kachukua sabuni? Wangenipiga kwa kukusingizia, halafu wangenipiga kwa sabuni. Viboko vingi hivyo vya nini?"

Nilimuuliza, "Wewe ulichukua ngapi?"

"Hata kimoja."

Naona aibu kuandika kwamba sikumwamini mara moja.

Akasema, "Nilivihesabu mara tatu, ili nisije nikasingiziwa. Vilikuwa arobaini na nne. Kisha nikachora. Getruda, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniachaga peke yangu na kitu chake akafunga mlango. Nilikaa kwenye kile kiti nikaona hata nikipumua kwa nguvu nitaharibu."

Alinisaidia kuinua ndoo. Kabla ya kuondoka aliniuliza, "Jumatatu ukipita mstarini, utaliandika jina lako?" Hakuuliza kwa ubaya.

Usiku sikulala vizuri. Nilifikiria mambo mawili. La kwanza ni mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Mwalimu mkuu amemwambia mama kwamba nikiendelea hivi naweza kuchaguliwa sekondari, na anaandika pia habari za tabia ya mtoto. Nataka sana kwenda sekondari, na ninaandika hilo hapa kwa sababu nimeagizwa kuandika kweli. La pili ni kwamba Mwalimu Eufrasia amelala hapa siku tatu kwa ajili ya neno alilotuambia sisi, na mmoja wa hao ni mimi. Yeye hawezi kulivunja. Lakini alisema ruhusa ni yangu.

Leo asubuhi nilimwomba mama anisindikize. Nilimwambia nakuja kumtetea Mwalimu Eufrasia. Sikumwambia habari ya kipande cha sabuni. Amejua hapa hapa, kwa sababu Sajini alinitaka nisome kwa sauti kila ukurasa ninapoumaliza, na mama yuko kwenye kiti nyuma yangu. Nilipofika mahali pa mfuko wa sketi sauti yangu ilikatika. Sajini akasema tupumzike. Nilimsikia mama akisema, "Afande, andika na mimi. Mimi ndiye niliyefulia."

Sajini alimwambia, "Mama, wewe ulipewa zawadi, ukafua. Hilo si kosa."

Mama akasema, "Basi andika kwamba shati lilitakata." Sajini amesema sina budi kuandika jambo ambalo nimelisikia mwenyewe, kwa hiyo nimeliandika.

Nimeleta vitu viwili. Cha kwanza ni sabuni iliyobaki, ukubwa wake kama kiberiti, nimeifunga kwenye gazeti. Cha pili ni nusu yangu ya kitambaa cha kijani. Nimeviweka juu ya meza ya Sajini.

Hapa Sajini alisimama akaenda kabatini, akarudi na daftari la Mwalimu Eufrasia. Alifunua kurasa akitafuta rangi ya kijani. Alipoipata aliweka nusu yangu pembeni ya ile iliyobandikwa, akaisogeza kwa kidole mpaka mikato ikakutana. Vidoti vyeupe vilivyokuwa vimekatwa vikawa vizima. Alisoma ukurasa kimya. Nilimwomba, kama inaruhusiwa, nijue nimeandikwaje. Alifikiri, kisha akasema ukurasa ni wangu. Akanisomea, na ameniruhusu ninakili hapa:

"Tarehe 12 Aprili. Amechukua kimoja. Amechora nyumba bila watu.

Tarehe 18 Aprili. Nimemwona akikagua wenzake shuleni. Mdogo wake amevaa shati jeupe safi. Mwalimu mkuu anasema mtoto huyo ameandikwa Jumatatu sita zilizotangulia, na aliyemwandika ni dada yake. Siwezi kumweka mtoto huyu kwenye safu niliyoiandaa. Nirudi kwa wote saba, niulize kwanza sabuni ilikwenda wapi, ndipo niite kitu chochote wizi. Labda hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeuliza kuhusu kaka yangu."

Aliposoma hayo, Sajini alilifunga daftari. Mama aliuliza, "Na wengine je, Afande? Wameandikwaje?" Sajini aliweka kiganja chake juu ya jalada, akasema, "Hizo kurasa zina wenyewe."

Sajini ameniuliza kama kuna mtu alinituma, au aliniahidi kitu nikisema haya. Hakuna. Ameniuliza kama niliwahi kumwona Bibi Eufrasia akiuza au kubadilishana sabuni na mtu. Sijawahi. Sabuni alizokuwa anatumia mwenyewe sizijui, lakini nguo zake alifua kwa magadi kwa Mama Mwanaharusi, ingawa katoni ilikuwa chumbani kwake.

Ameniuliza kama nafahamu watoto wengine sita. Wawili nawahisi. Siwataji, kwa sababu ruhusa ya kusema ni ya kwao.

Naomba Bibi Eufrasia Nyamhanga asishtakiwe kwa ulanguzi. Kipande kimoja kati ya saba nilikichukua mimi. Naomba pia iandikwe kwamba Wambura alihesabu vipande arobaini na nne akaviacha arobaini na nne, kwa sababu alisimamishwa mbele ya watu, na hakuna aliyemrudia mbele ya watu hao hao kumwambia walikosea. Jumatatu nitamwambia mwalimu mkuu mwenyewe. Akiniondoa ukiranja nitamkabidhi daftari, na nitamwomba jina la mwisho liwe langu.

Hapo ndipo ninapoishia. Yote niliyoyaandika nimeyaona, nimeyasikia au nimeyafanya mwenyewe, sikushurutishwa na mtu. Nimeyasoma yote kwa sauti mbele ya mama yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi: G. Kasmiri
Dole gumba la kushoto la mama mzazi: (limewekwa)

MAELEZO YA OFISA

Nathibitisha kuwa maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu na kumalizika saa 5.15 asubuhi. Nimepokea kipande cha sabuni kilichotumika na nusu ya kitambaa cha kijani. Kitambaa kimelingana na kile cha ukurasa wa tisa wa daftari. Sabuni nimeihifadhi kama kielelezo. Kitambaa nimemrudishia.

Mkuu wa Kituo amesoma maelezo. Ameagiza kwamba endapo vipande sita vilivyobaki vitapata maelezo yanayolingana na daftari, Bibi Eufrasia Nyamhanga aachiwe leo kabla ya jua kuzama na arudishiwe vifaa vyake. Nimemjulisha. Ameomba jambo moja tu, asitakiwe kuthibitisha jina la mtoto yeyote. Anasema vitambaa vinatosha.

Saa 5.40. Nilipomsindikiza shahidi na mama yake mlangoni nimekuta watoto watano kwenye benchi ya nje, hawakuitwa na kituo. Kila mmoja ameshika kitambaa mkononi. Wa sita wanasema atakuja, anamngoja mama yake atoke sokoni. Aliyewaleta ni Wambura. Yeye anasema hakuchukua kitu, ila anaomba naye aandikwe, na ukurasa wake nisimsomee mtu mwingine kabla yake.

Karatasi nilizonazo hazitoshi. Nimetuma zikaletwe nyingine.

B. Burito, Sajini